Dai la fidia ya kuumia kazini limekataliwa, barua inataja sababu tatu. Tunajibu vipi?

mwakilishi_stoo

Wakuu salaam.

Nauliza kwa niaba ya mwenzetu wa stoo. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi, mambo ya usalama nayajua kiasi, ila rufaa ya fidia ni ngeni kwangu.

Tukio lenyewe: Jumanne saa tisa alasiri alikuwa anashusha boksi la kilo 35 kutoka kwenye rafu, akageuka nalo, mgongo ukakaza. Akajikaza, akamaliza zamu. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alhamisi asubuhi hakuweza kuinuka kitandani, akapelekwa zahanati, na akampigia msimamizi simu akiwa hukohuko. Wiki mbili baadaye MRI (picha ya ndani ya mwili) ikaonyesha diski mbili za chini kabisa za mgongo, yaani mito iliyo kati ya pingili, ile ya L4/L5 na ile ya L5/S1, zimechakaa, na ile ya L5/S1 imetokeza upande wa kushoto, inagusa neva.

Bima wanakataa kwa sababu tatu: taarifa ilichelewa, hali ya mgongo ni ya zamani na haikutokana na kazi, hakuna aliyeshuhudia. Kadi ya zahanati ya Alhamisi ile imeandikwa hivi tu: "Maumivu ya kiuno siku kadhaa. Hajaanguka." Barua inatoa siku 21 za kukata rufaa, 6 zimeshapita.

Tumeandika rasimu ya kurasa nne. Sehemu kubwa inaeleza jinsi mwajiri asivyojali usalama: rafu zimepanda juu mno, toroli hakuna, malalamiko ya wafanyakazi ni ya miaka. Tuipeleke ilivyo?

---

Daftari_Jekundu

Mkuu, msiipeleke hiyo rasimu.

Fidia ya kuumia kazini haiulizi kosa ni la nani. Ndivyo ilivyo tangu Ujerumani ya Bismarck ilipopitisha sheria ya bima ya ajali mwaka 1884, na nchi nyingi zimefuata njia hiyo: mfanyakazi habebeshwi mzigo wa kuthibitisha uzembe wa mwajiri, na mwajiri naye kwa kawaida hashtakiwi mahakamani kwa ajali hiyohiyo. Kwa hiyo kurasa zenu za kumlaumu mwajiri hazijibu hata sababu moja kati ya zile tatu. Tena zina hatari. Mkiandika "wafanyakazi wamelalamikia migongo kwa miaka kutokana na rafu hizo", bima watapigia mstari maneno hayo na kusema: mnaona, mgongo ulikuwa unauma kabla ya ile Jumanne. Malalamiko ya rafu yapelekeni kwa mkaguzi wa usalama, kwa barua yake.

Kwanza okoeni muda. Kesho pelekeni barua ya nusu ukurasa tu: jina, namba ya dai, tarehe ya barua ya kukataa, sentensi moja kwamba anapinga uamuzi wote, nyingine kwamba ushahidi wa ziada utafuata. Hapohapo ombeni nakala ya jalada zima la dai, yaani taarifa ya mwajiri, maelezo ya kila aliyehojiwa, ripoti yoyote ya daktari wao, na maandishi ya mahojiano ya simu kama yalifanyika. Wengi hukata rufaa bila kuliona jalada, wakajibu barua ilhali uamuzi ulijengwa juu ya karatasi wasiyoijua. Kama kuna fomu maalumu ya rufaa tumieni hiyo, na barua iambatanishwe.

Pelekeni nakala mbili. Moja irudi na muhuri wa "imepokelewa", tarehe, na jina la aliyepokea. Na msihesabu siku 21 kwa matumaini: sheria nyingine huhesabu tangu tarehe iliyo juu ya barua, nyingine tangu siku ilipopokelewa. Chukueni iliyo karibu zaidi, na bahasha yenye muhuri wa posta msiitupe. Haki ya kukata rufaa yenyewe si hisani ya mtu. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 unazitaka nchi zilizouridhia zimpe kila mdai aliyenyimwa mafao haki hiyo. Lakini haki iliyopitwa na tarehe ni kazi kuifufua.

Sasa sababu moja moja.

Kuchelewa. Tenganisheni vitu viwili ambavyo barua za namna hii hupenda kuvichanganya: muda wa kumjulisha mwajiri, na muda wa kufungua dai. Vina ukomo tofauti. Barua isipotaja kifungu, waulizeni kwa maandishi ni kifungu kipi kimevunjwa. Katika sheria nyingi kuchelewa kidogo kumjulisha mwajiri hakuui dai kama kuna sababu ya msingi, au kama mwajiri hakuathirika kwa kuchelewa huko. Hapa kati ya tukio na taarifa kuna siku moja ya mapumziko. Leteni ratiba ya zamu inayoonyesha Jumatano hakuwa kazini, na picha ya skrini ya orodha ya simu zilizopigwa Alhamisi, yenye saa. Pigeni picha hiyo leo, maana simu nyingi hufuta kumbukumbu za zamani zenyewe. Kampuni ya simu pia inaweza kutoa orodha, ila huchukua muda.

Shahidi. Hapa ndipo watu hukata tamaa bure. Ajali ya mtu aliye peke yake stoo haiwezi kuwa na shahidi wa macho, na si kawaida kwa sheria kumdai. Mtafuteni aliyemwona kabla na aliyemwona baada: wa saa nane aliyemwona akipanga mizigo bila shida, na wa saa kumi aliyemwona akitembea kaegemea ukuta au akikataa kubeba kitu. Kila mmoja aandike kwa mkono wake na kwa maneno yake: alikuwa wapi, saa ngapi, aliona nini, alisikia nini. Asiandike "naamini aliumia kazini", hiyo ni kazi ya anayeamua. Na msiwaandikie ninyi wakasaini, maana maelezo matatu yenye sentensi zilezile yanaharibu hata lile moja lililokuwa la kweli tupu.

Bora kuliko mashahidi wote ni makaratasi ya stoo. Boksi la kilo 35 halitoki kwenye rafu bila kuacha alama. Kuna hati ya kutolea mzigo, kuna skana yenye namba ya mtumiaji, kuna uzito kwenye lebo. Mkipata mstari mmoja unaosema bidhaa hiyo ilitolewa Jumanne saa tisa kasoro dakika kumi kwa namba yake, mmefunga nusu ya hoja ya tatu. Kama kuna kamera, ombeni leo kwa maandishi picha za siku hiyo zihifadhiwe. Mifumo mingi hujifuta na kurekodi juu yake, na huenda mmeshachelewa; ombeni hata hivyo, kwa sababu jibu la "zimefutika" nalo ni karatasi ya kuweka jaladani.

Sababu ya pili, ile ya hali ya zamani, ndiyo ngumu, na ndiyo itakayoamua dai. Namwachia mwenye taaluma.

---

tabibu_kazini

Naanza na kadi ya zahanati, kwa sababu si mbaya kama mnavyoiogopa.

"Hajaanguka" ni kweli, hakuanguka. Inaonyesha mhudumu aliuliza kuhusu kuanguka, wala hakuuliza kuhusu kunyanyua. "Siku kadhaa" kwa mtu aliyeumia Jumanne na kuonwa Alhamisi haipingani na chochote. Upungufu wake ni kwamba kazi haikutajwa. Msiombe kadi ibadilishwe wala ifutwe. Rekodi ya hospitali iliyokwaruzwa huleta maswali mabaya kuliko iliyokuwa pungufu. Ombeni maelezo ya nyongeza, yenye tarehe ya leo, yakisema mgonjwa anaeleza kuwa maumivu yalianza akinyanyua mzigo kazini Jumanne, na kwamba ziara ile haikurekodi chanzo. Kinachoyapa nguvu ni ile simu kwa msimamizi: aliipiga akiwa zahanati. Saa ya kadi na saa ya simu ziwekwe ukurasa mmoja.

Sasa MRI. Ripoti moja hapo ina habari mbili, na bima wameisoma moja. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Kwa hiyo kuchakaa peke yake hakuelezi kwa nini mtu aliyekuwa akinyanyua maboksi Jumatatu ashindwe kuinuka Alhamisi. Haki iko wazi pia: mwajiri humpokea mfanyakazi na mgongo alionao, si mgongo wa kitabuni. Katika sheria nyingi, kazi ikiizidisha hali ya zamani, kule kuzidi kunafidiwa. Angalieni maneno ya sheria yenu, kwa sababu kuna zinazotaka kazi iwe chanzo kikuu na kuna zinazoridhika ikiwa mojawapo ya vyanzo.

Tahadhari lakini. Diski zilizotokeza nazo huonekana kwa wasio na maumivu. Picha peke yake haitawashindia. Kinachoshinda ni picha kuoana na mwili. Diski ya L5/S1 ikibana kushoto, kwa kawaida neva inayoguswa ni ya S1. Daktari anatakiwa kuikuta huko chini: ganzi au maumivu yanayoshuka nyuma ya paja hadi upande wa nje wa unyayo na kidole kidogo cha mguu, kisigino kinachoshindwa kunyanyuka akisimama kwa mguu wa kushoto peke yake kwenye ncha za vidole, na nyundo ikigonga kano la nyuma ya kifundo, mguu wa kushoto haurushi au unarusha kidogo kuliko wa kulia. Hilo la nyundo mgonjwa hawezi kuliigiza kirahisi, ndiyo maana lina thamani. Kama ripoti yenu inasema tu "maumivu ya kiuno", uchunguzi haukufanyika au haukuandikwa. Rudini.

Barua ya daktari ndiyo moyo wa rufaa, na nyingi hufa kwa neno moja. Mfano wa barua inayoshindwa:

"Mgonjwa anadai aliumia kazini. Inawezekana maumivu yake yanahusiana na kazi."

Kila kitu duniani kinawezekana. Kipimo cha madai haya kwa kawaida ni uwezekano unaozidi nusu, basi daktari aseme hivyo ikiwa ndivyo anavyoamini. Mfano wa inayosimama:

"Nimesoma maelezo ya kazi yake, kadi ya zahanati na ripoti ya MRI. Alinyanyua boksi la kilo 35 akiwa amejipinda. Maumivu yalianza papo hapo na kuzidi ndani ya saa 48. Kabla ya hapo alifanya kazi kamili bila matibabu ya mgongo. Nimekuta udhaifu wa S1 kushoto, unaoendana na diski ya L5/S1. Kuchakaa kwa diski kulikuwepo, lakini kwa maoni yangu kuna uwezekano mkubwa kuliko nusu kwamba tukio hilo ndilo lililosababisha dalili hizi. Asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6, kisha apimwe upya."

Maneno "bila matibabu ya mgongo" yasiandikwe kama si kweli. Bima wataomba faili zake za nyuma, na ziara moja iliyofichwa itazamisha hata yaliyo ya kweli. Kama aliwahi kutibiwa, iandikwe lini, kwa muda gani, na kwamba alirudi kazini akafanya kazi kamili.

Daktari wengi hawajui kunyanyua kilo 35 maana yake nini. Msaidieni kwa karatasi moja: uzito, urefu wa rafu, umbali wa boksi kutoka mwilini, mara ngapi kwa zamu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, katika kanuni yake ya kunyanyua iliyorekebishwa mwaka 1991, inaanzia kikomo cha kilo 23 mzigo ukiwa umeshikwa karibu na mwili, sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu. Ukiwa sentimita 50, kikomo kinashuka nusu, kilo 11.5, kabla hujakata tena kwa kujipinda na kwa urefu wa rafu. Hamumlaumu mtu kwa hesabu hiyo. Mnaonyesha tu kwamba mzigo ulitosha kuleta jeraha hili.

---

Mzee_wa_Kanuni

Mmeeleza vizuri, ila naona mnamzungusha mwenzetu. Dai likishakataliwa atafute wakili siku hiyohiyo. Bima wana wanasheria, yeye ana mwakilishi wa stoo.

---

Daftari_Jekundu

Sikatai, Mzee, lakini inategemea. Kama ugomvi ni wa karatasi iliyokosekana, chama cha wafanyakazi au mwakilishi makini anatosha hatua ya kwanza. Wakili atafutwe mapema pale penye ugomvi wa kitabibu kama huu usipomalizika kwa ripoti ya daktari, penye ulemavu wa kudumu au kifo, mwajiri anaposema huyu si mwajiriwa wangu ni kibarua wa mkataba, au mtu anapofukuzwa kazi baada ya kudai. Na hatua ya kusikilizwa na mapitio ya juu ikifika bila wakili, hatari ni kubwa, kwa sababu mara nyingi ushahidi usioingizwa hapo hauruhusiwi kuingizwa mbele. Kabla ya kusaini mkataba na wakili aulize malipo yanakatwa vipi: sehemu nyingi sheria inaweka ukomo wa asilimia anayoweza kuchukua.

---

mwakilishi_stoo

Asanteni sana wakuu. Barua fupi imepelekwa leo, muhuri tumepata. Hati ya kutolea mzigo nayo ipo, saa 8:52 mchana, kwa namba yake.

Yamezuka mawili. Fomu ya likizo ya ugonjwa ya Alhamisi ile aliijaziwa na ofisi, pale kwenye sababu pamewekwa alama ya "ugonjwa", si "ajali kazini", naye akasaini. La pili, bima wanataka aonwe na daktari wao wiki ijayo. Aende? Na hela ya matibabu inamwishia, anafikiria kusimamisha mazoezi ya viungo hadi rufaa ijibiwe.

---

tabibu_kazini

Aende. Kukataa bila sababu ya msingi kwa kawaida kunasimamisha dai. Huyo daktari hamtibu, anamwandikia bima ripoti, kwa hiyo lolote analosema mle ndani linaandikwa, hata mazungumzo ya kwenye ngazi.

Ajibu alichoulizwa. Asipokumbuka aseme hakumbuki, asibuni saa wala kilo. Akiulizwa kama mgongo uliwahi kumuuma, jibu liwe lilelile lililo kwenye faili zake. Na asiongeze chumvi, hata kwa nia ya kueleweka. Daktari atamlaza na kuunyanyua mguu wake ulionyooka. Baadaye, akiwa ameketi pembeni ya kitanda, atamnyoosha goti kana kwamba anatazama unyayo. Ni kipimo kilekile kwa mkao tofauti. Aliyelia kwa maumivu akiwa amelala na asishtuke akiwa ameketi huandikwa kuwa dalili zake hazilingani. Vivyo hivyo kwa anavyoshuka garini pale nje.

Akitoka tu aandike: aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, alipimwa nini na hakupimwa nini. Ripoti ikija na matokeo ya nyundo ilhali nyundo haikutolewa mfukoni, maandishi hayo ndiyo pa kuanzia.

Mazoezi asisimamishe. Pengo la wiki nne kwenye kadi husomwa hivi: amepona. Kama hana uwezo wa kwenda mara tatu kwa wiki, amwombe mtaalamu ampe programu ya nyumbani iliyoandikwa, aonwe mara moja kwa wiki mbili, na sababu ya kupunguza iandikwe kwenye kadi. Kama ana bima ya afya ya kawaida, aitumie lakini awaambie ukweli kwamba kuna dai la kazini. Mara nyingi watajirudishia hela yao baadaye. Stakabadhi zote, na nauli za kwenda na kurudi, atunze.

---

Daftari_Jekundu

Fomu ya likizo: asiipuuze akidhani hawajaiona. Aandike maelezo mafupi ya kiapo kwamba fomu ilijazwa na ofisi, asubuhi hiyo alikuwa kwenye maumivu, alisaini kupata ruhusa ya kutokuwepo, na muda mfupi kabla alikwishampigia msimamizi. Aliyeijaza akikubali kuandika mstari mmoja kwamba ni yeye aliyeweka alama, vizuri zaidi. Tena tazameni kama fomu yenyewe ina kisanduku cha "ajali kazini". Zipo fomu zisizo nacho, na hapo hoja inaisha yenyewe.

Mkipanga ushahidi, barua ya rufaa yenyewe isizidi kurasa mbili. Chukueni maneno ya bima, sababu ya kwanza kama walivyoiandika, chini yake jibu la mistari mitano na namba za viambatisho. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Viambatisho vipewe namba kubwa kona ya juu: 1 ratiba ya zamu, 2 orodha ya simu, 3 hati ya mzigo, na kuendelea. Anayeamua ana majalada mengi mezani, akilazimika kutafuta karatasi hataitafuta.

Mshahara nao ukaguliwe sasa. Mwajiri huandika mshahara wa msingi, na ovataimu ya kila wiki huachwa nje. Pale sheria inapoihesabu ovataimu ya kawaida, kosa hilo humpunja kila mwezi na baadaye kwenye hesabu ya ulemavu. Hati za malipo za miezi 12 ziambatanishwe.

Mwajiri akimwita kwenye kazi nyepesi asikatae kwa simu. Aombe orodha ya kazi hizo kwa maandishi, aipeleke kwa daktari, daktari aandike kipi anaweza na kipi hawezi. Kukataa kazi inayolingana na masharti ya daktari kunaweza kukata malipo ya kila mwezi.

Na wakileta ofa ya kumaliza kwa mkupuo, ambayo mara nyingi huja rufaa inapoonekana ina miguu, asome kama karatasi inafunga matibabu ya baadaye. Kama inafunga, asisaini kabla daktari hajaandika kuwa hali imetulia na haitarajiwi kuboreka tena, na asilimia ya ulemavu ijulikane. Diski ya L5/S1 inaweza kuhitaji upasuaji mwakani, na gharama hiyo itakuwa ya aliyesaini.